Uhuru kwa Kipimo cha Moja kwa Tano: Mwongozo Kamili wa Kujenga Modeli ya Setilaiti na Kuiweka Kwenye Maonyesho

Mara ya kwanza nilipopeleka modeli ya chombo cha angani kwenye maonyesho ya sayansi ya shule moja hapa Kisumu, msichana mmoja aliizunguka meza mara mbili bila kusema neno, kisha akaelekeza kidole kwenye bawa la kushoto na kuniuliza, "Mwalimu, umejuaje kwamba lilikuwa refu hivyo?" Sikuwa na jibu. Bawa lile nilikuwa nimelikata usiku, kwa kukadiria na macho, kwa sababu tu lilipendeza likiwa na urefu huo. Tangu siku hiyo sikati kipande chochote kabla ya kujiuliza swali la yule msichana, na mwongozo huu umepangwa kwa kulifuata: kila kipimo ninachokutajia nitakueleza kimetoka wapi, na pale ambapo itakubidi kukadiria nitakuonyesha namna ya kukadiria kwa hesabu na namna ya kumweleza mtazamaji kwamba umekadiria.

Chombo tutakachokijenga ni setilaiti ya Uhuru, ambayo jina lake la kitaalamu ni SAS-1. Ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama ndani ya bahari karibu na Malindi, na kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka 7 ya kujitawala, setilaiti ikapewa jina hilo la Kiswahili. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa ajili ya kuchunguza eksirei zitokazo angani, kazi ambayo haiwezi kufanyiwa ardhini kwa sababu angahewa ya dunia huzizuia eksirei hizo zisitufikie. Kuna jambo jingine linalomhusu mkazi wa kando ya Ziwa Victoria. Njia ya Uhuru iliinama nyuzi 3 tu kutoka Ikweta, na Kisumu iko karibu kabisa na mstari huo. Kwa hiyo setilaiti hii, ikiwa juu kwa kilomita 520 hadi 560 na kumaliza mzunguko mmoja kwa dakika 96 hivi, ilipita kwenye anga letu takriban mara 14 kila siku, ukishatoa katika hesabu mzunguko wa dunia yenyewe. Wanafunzi wakishaipiga hesabu hiyo wenyewe ubaoni, hakuna anayeuliza tena kwa nini watu wa Nyanza wajishughulishe na chombo kilichorushwa Pwani.

Vipimo, na habari za bomba la maji taka

Mwili wa Uhuru ulikuwa wa mviringo kama pipa, wenye kipenyo cha sentimita 56 hivi na urefu wa sentimita 116 hivi, na ubavuni ulikuwa na mabawa 4 ya kukusanyia nguvu za jua. Setilaiti nzima ilikuwa na uzito wa kilo 141.5. Nambari hizo tatu ndizo msingi wa kazi yote, na inafaa uziandike kwenye karatasi na kuibandika ukutani mbele ya meza yako.

Watu wengi huchagua kipimo kwanza kisha wakahangaika kutafuta vifaa vinavyolingana nacho, na mimi huwashauri waanze na kile kinachopatikana madukani. Bomba la PVC la inchi 4, lile la kijivu linalotumiwa kwa maji taka, lina kipenyo cha nje cha milimita 110. Ukigawanya sentimita 56 kwa 5 unapata milimita 112. Tofauti ni milimita 2 tu, na ukilizungushia bomba hilo kadibodi yenye unene wa milimita 1, tofauti hiyo inakwisha kabisa, kwa kuwa unene huo unaongezeka pande zote mbili za kipenyo. Kwa hiyo kipimo chetu ni 1:5, yaani kila sentimita 5 za chombo halisi zinakuwa sentimita 1 ya modeli, na mwili wako utakuwa na urefu wa milimita 232. Usinunue bomba zima. Mafundi wa mabomba hubakiwa na vipande vifupi ambavyo hawana kazi navyo, na mimi changu nilikipata kwenye duka moja la vifaa vya ujenzi karibu na soko la Kibuye, ambako muuzaji aliponiona nikikipima kwa rula mara tatu aliniuliza, "Mwalimu, ni choo cha nani hicho kidogo?"

Vifaa vingine ni vya kawaida. Utahitaji kadibodi ya milimita 1, kama ile ya nyuma ya madaftari makubwa ya kuchorea. Plaiwudi ya milimita 18, kipande cha ukubwa wa sahani. Ubao mwepesi wa plastiki wa milimita 3, ambao wachora mabango hutupa masalio yake kila siku. Spoki 4 za baiskeli kubwa. Mkebe mtupu wa soda. Gundi ya kuchanganya ya mirija miwili. Gundi nyeupe ya mbao. Msasa wa aina tatu kuanzia mkali hadi laini. Msumeno wa chuma. Drili yenye kekee ya milimita 2. Na rangi za kupuliza. Gundi ile ya kukauka mara moja uiweke mbali na kazi hii, na sababu yake nitaieleza tutakapofika kwenye kabati.

Kusoma picha kabla ya kukata

Picha za Uhuru zilizopigwa kabla haijarushwa zinapatikana kwa urahisi, na inayojulikana zaidi ni ile ya mwaka 1970 inayomwonyesha Marjorie Townsend, aliyekuwa meneja wa mradi, akiwa na mwanafizikia Bruno Rossi kando ya setilaiti wakati wa majaribio. Tafuta picha mbili au tatu zilizopigwa kutoka pande tofauti, uzipeleke kwenye duka la kuchapishia, na uombe zichapishwe kwa ukubwa wa karatasi ya A3.

Sasa pima upana wa mwili kwenye picha. Tuseme umepata milimita 64. Kwa kuwa upana huohuo kwenye modeli ni milimita 112, gawanya 112 kwa 64 upate 1.75, na hiyo ndiyo nambari utakayoizidishia kila kitu kingine unachokipima kwenye picha hiyo: kitu chenye milimita 20 kwenye karatasi kitakuwa na milimita 35 kwenye modeli. Kabla ya kuiamini picha, ijaribu. Urefu wa mwili unapaswa kuwa mara 2.07 ya upana wake, kwa sababu 116 gawanya kwa 56 ni hivyo. Basi kama upana ni milimita 64, urefu uwe karibu na milimita 133. Ukikuta ni 120, picha imepigwa kutoka juu au kutoka chini, au imevutwa na aliyeichapisha, na vipimo vyake vya wima havifai.

Mabawa ndiyo yanayowapoteza wengi. Bawa linaloelekea kwa mpiga picha huonekana refu na pana kupita kiasi, na lile linalokwenda nyuma huonekana fupi, ilhali yote manne ni sawa. Pima lile tu linalokaa sambamba na karatasi, yaani lililonyooka kuelekea kushoto au kulia, kisha upime tena kwenye picha ya pili na kuchukua wastani. Mimi kwa njia hiyo nilifikia urefu wa sentimita 30 hivi kwa kila bawa la modeli, pamoja na mkono wake. Wewe pima mwenyewe, na ukipata tofauti na yangu, fuata yako, kwa kuwa ndiyo utakayoulizwa.

Mwili

Kukata bomba likawa na ukingo ulionyooka ni kazi rahisi ukiwa na karatasi. Zungusha karatasi ndefu kwenye bomba hadi kingo zake zikutane bila kupishana, chora mstari kuifuata, kisha kata kwa msumeno wa chuma huku ukiligeuza bomba kidogo kidogo, usikate moja kwa moja kutoka juu hadi chini. Acha milimita 1 ya ziada. Tandaza msasa mkali juu ya kioo au kigae, simamisha bomba juu yake, na ulisugue kwa mwendo wa duara hadi urefu ufike milimita 232 pande zote. Likisimama juu ya kioo bila kutikisika, limekuwa sawa.

Ndani ya bomba, chini, kutakaa kisahani cha plaiwudi ya milimita 18 ambacho kitashika mabawa na stendi. Pima kipenyo cha ndani cha bomba lako, kwa sababu unene wa kuta hutofautiana kati ya bomba jepesi na zito, na ukate kisahani kikae kwa kubana. Toboa katikati yake tundu la milimita 12 la ufito wa stendi. Kisha kipake gundi ya kuchanganya ukingoni na ukiingize hadi kimo ambacho picha imekuonyesha kwamba mikono ya mabawa inatokea.

Gundi ikishakauka, zungusha kadibodi. Kata ukanda wa upana wa milimita 232 na urefu wa milimita 355, ambao ni mrefu kidogo kuliko unavyohitaji, uupake gundi nyeupe safu nyembamba sana, uuzungushe, uufunge kwa vipande vya mpira wa baiskeli, na upunguze ncha iliyozidi kwa wembe papo hapo. Nasisitiza safu nyembamba. PVC hainyonyi maji hata kidogo, kwa hiyo unyevu wa gundi hauna pa kutokea isipokuwa kupitia kadibodi yenyewe, na katika msimu wa mvua ndefu, hewa ya ziwa ikiwa nzito, nimewahi kuona malengelenge yakitokea siku ya nne baada ya kazi kuonekana imekauka. Subiri siku mbili kamili.

Mzunguko wa nje sasa ni milimita 352, na robo yake ni milimita 88 barabara. Weka alama nne kwa rula laini ya mshonaji, na kwenye kila alama toboa tundu la milimita 2 linalopenya kadibodi, bomba, na kuingia sentimita 4 ndani ya kisahani cha plaiwudi. Mara ya kwanza nilijaribu njia ya mkato kwa kupitisha spoki mbili nzima kutoka upande mmoja hadi wa pili, na zilipokutana katikati ya mwili ya pili ikagoma, kwa kuwa haiwezekani spoki mbili zikapita mahali pamoja. Ili zipishane ilibidi moja ipande milimita 2, na mabawa yakawa hayako kwenye kimo kimoja. Jambo dogo, ila jicho hulikamata ukiwa umbali wa mita tatu. Matundu manne yasiyokutana ndiyo njia sahihi.

Kwa juu, funika kwa kisahani cha plastiki cha kipenyo cha milimita 112, ila usikigundishe sasa.

Madirisha ya eksirei

Hapa ndipo penye roho ya chombo, na ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko mahali pengine popote. Uhuru ilibeba vyombo viwili vya kunasia eksirei vilivyopeana mgongo, kila kimoja kikitazama nje kupitia ubavu wa mwili. Setilaiti ilijizungusha taratibu kama pia inayokaribia kuchoka, mzunguko mmoja kwa dakika 12 hivi, na kwa mzunguko huo madirisha yale mawili yakawa yanafagia ukanda wa anga. Upande mmoja uliona sehemu nyembamba ya nyuzi 0.52 kwa nyuzi 5.2, upande wa pili uliona mraba wa nyuzi 5.2 kwa nyuzi 5.2. Aliyesimama mbele ya modeli asipoelewa kwamba pande hizo mbili hazifanani, amekosa kuielewa Uhuru.

Kila chombo kilikuwa na eneo la kunasia la sentimita mraba 840 hivi. Eneo hupungua kwa mraba wa kipimo, kwa hiyo gawanya kwa 25, wala si kwa 5 kama wengi wanavyofanya, upate sentimita mraba 33.6. Dirisha la upana wa sentimita 5.6 na kimo cha sentimita 6 linatoa eneo hilo kamili. Umbo lake lirekebishe kufuatana na picha. Chora madirisha mawili yanayotazamana, umbali wa milimita 176 katikati hadi katikati kwa kuzunguka mwili, toboa pembe nne za kila moja, na ukate kwa ubapa wa msumeno ulioviringishiwa kitambaa upande wa kushikia. Malizia kwa tupa ndogo.

Tengeneza kijisanduku cha kadibodi chenye kina cha milimita 15 kwa kila dirisha, ukipake rangi nyeusi isiyong'aa ndani, kisha upange humo vibamba vilivyokatwa kwenye mkebe wa soda. Mkebe ukatwe kwa mkasi mzee ukiwa umevaa glavu, kwa kuwa makali yake ni kama ya wembe, na vibamba vinyooshwe kwa kubanwa na mgongo wa kijiko juu ya meza. Vibamba hivi ndivyo vilivyokuwa vikizuia eksirei za pembeni, ili chombo kione mbele tu. Ukitaka kuwa mkweli kabisa kwa kipimo, ili dirisha lenye kina cha milimita 15 lione nusu nyuzi tu, nafasi kati ya kibamba na kibamba itabidi iwe kama milimita 0.14, jambo ambalo mkono wa binadamu na mkebe wa soda haviwezi. Panga basi kwa mwachano wa milimita 1 upande wa dirisha jembamba na milimita 4 upande wa pana. Mtazamaji ataiona tofauti, na kadi ya maelezo itamwambia kwamba tofauti halisi ilikuwa kubwa zaidi.

Mabawa

Kata mabawa manne kwenye ubao wa plastiki wa milimita 3. Kadibodi haifai hapa, kwa kuwa kitu kirefu na chembamba kilichotengenezwa kwa karatasi hupindika kwa unyevu wa Kisumu ndani ya mwezi mmoja, hata ukikipaka rangi pande zote. Kata spoki nne ziwe na urefu wa sentimita 13 kila moja: sentimita 4 zitaingia mwilini, na zilizobaki zitakuwa mkono na uti wa bawa. Chimba mfereji mwembamba katikati ya bawa kwa ncha ya kisu, laza spoki ndani yake, na uizike kwa gundi ya kuchanganya. Upande wa mwilini usitie gundi. Spoki ikibana ndani ya plaiwudi inatosha, na mabawa yanayong'oka ndiyo yatakayokuokoa siku ya kusafirisha. Tena spoki ni ya mviringo, kwa hiyo unaweza kuligeuza kila bawa hadi pembe yake ilingane na ile unayoiona kwenye picha.

Seli za jua za enzi hizo zilikuwa vipande vidogo vya silikoni, kwa kawaida vya sentimita kama 2, na kwa kipimo chetu kila kipande ni milimita 4. Usichapishe mistari kwenye karatasi na kuibandika, kwa sababu wino wa mashine za madukani hupauka haraka. Puliza bawa rangi ya fedha kwanza, liache usiku mzima, kisha puliza bluu nzito inayokaribia weusi. Baada ya saa moja hivi, bluu ikiwa imeshika lakini haijawa ngumu, weka rula ya chuma na ukwaruze mistari ya milimita 4 kwa sindano ya kushonea magunia, kwa mkono mwepesi. Fedha ya chini inachomoza kama uzi. Ukikwaruza mapema mno bluu inavutika na kujikunja. Ukichelewa hadi kesho yake inabanduka kwa magamba. Jaribu kwanza kwenye kipande cha ziada ambacho umekipulizia wakati uleule.

Rangi ya mwili na uzito

PVC iliyo wazi na plastiki zikwaruzwe kwa msasa laini kabla ya praima, la sivyo rangi itabanduka kama ngozi ya kitunguu. Kuhusu rangi yenyewe nina msimamo. Watu wamezoea kuona vyombo vya mwezini vikiwa vimefunikwa dhahabu, na mkono wao hukimbilia dhahabu kwa kila chombo. Picha nyingi za Uhuru ni nyeusi na nyeupe, na mwanga na giza vinavyoonekana humo havikupi ruhusa ya kuibambika dhahabu. Mimi hutumia rangi ya alumini isiyong'aa sana, nikatenganisha sehemu ya chini, iliyobeba mitambo ya kuiongoza setilaiti, na sehemu ya juu iliyobeba vyombo vya kunasia eksirei, kwa ufito mwembamba wa kijivu.

Kabla ya kufunga kifuniko, iweke modeli kwenye mizani ya dukani pamoja na mabawa yake. Ujazo hupungua kwa kipimo mara tatu, yaani 5 mara 5 mara 5, ambayo ni 125. Na kilo 141.5 gawanya kwa 125 ni kilo 1.13. Ongeza nati na boliti kuukuu zilizofungwa kwenye kitambaa, uzibandike juu ya kisahani cha plaiwudi hadi mshale usome hapo. Hakuna atakayeziona, lakini mwanafunzi akiruhusiwa kuinyanyua anapata uzito mkononi unaozidi kidogo tu pakiti ya sukari ya kilo moja, na huo ni uzito sahihi kwa ukubwa huo. Sasa gundisha kifuniko.

Stendi na kabati

Usiitundike kwa uzi. Setilaiti iliyotundikwa hugeuka kwa kila upepo wa mlango, na madirisha uliyoyahangaikia huishia kuutazama ukuta. Chomeka ufito wa milimita 12 kwenye tundu la kisahani, na upande wa chini uuzamishe katika kibao kizito cha sentimita 25 kwa 25. Mvule ni mzuri ukipata masalio kwa seremala. Kuna wanaopenda kuweka mota ya kuizungusha. Mota za bei nafuu huzunguka kwa sekunde chache, ilhali Uhuru ilichukua dakika 12, kwa hiyo wakizitumia huwa wamefundisha uongo kwa umeme.

Kabati la kioo ndilo ghali kuliko vyote. Pima ncha ya bawa hadi ncha ya bawa la mkabala, ongeza sentimita 8, na huo ndio upana na kina cha ndani. Ukitumia plastiki angavu badala ya kioo ili kupunguza uzito, hapo ndipo onyo langu la gundi ya kukauka mara moja linapohusika: jioni moja kabla ya maonyesho nilitumia gundi hiyo kurekebisha pembe iliyoachana, nikafunga kabati, na asubuhi nikakuta kuta zote za ndani zimeota ukungu mweupe kwa sababu ya mvuke wake. Haukusafishika. Watoto waliitazama setilaiti siku ile kama watu wanaochungulia bafuni.

Weka vifuko vile vidogo vya chembechembe za kukausha, vinavyokuja ndani ya masanduku ya viatu, chini ya kibao cha stendi, na uvibadilishe kila baada ya miezi mitatu. Usiweke taa ndani ya kabati. Joto lake hulegeza gundi, na usiku wadudu wa ziwa wataifuata kwa maelfu, wajipenyeze kwenye kila ufa, na asubuhi uwakute wametandaa juu ya mabawa kama masizi. Taa iwe nje, juu, iangaze kwa mshazari kutoka kushoto ili vibamba vya madirishani vitupe vivuli. Kabati liwe mbali na dirisha la magharibi, na katikati ya setilaiti iwe kimo cha sentimita 120 kutoka sakafuni, ambako mtoto wa shule ya msingi anaiona bila kubebwa.

Maneno ya kuiandikia

Maandishi marefu hayasomwi. Haya ninayotumia yanatosha, kwa herufi zinazosomeka mtu akiwa umbali wa mita mbili:

"UHURU (SAS-1). Setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza eksirei za angani. Ilirushwa kwa roketi ya Scout kutoka jukwaa la San Marco, karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, ikafanya kazi hadi Machi 1973. Orodha ya mwisho iliyotokana na kazi yake ina vyanzo 339 vya eksirei. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kundi la wanasayansi wake, alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002. Modeli hii ni 1:5."

Andika hayo kwa Kiswahili, Kidholuo na Kiingereza, kila lugha kwenye kadi yake. Jihadhari na sentensi moja ambayo nimeiona zaidi ya mara moja, inayodai kwamba hii ilikuwa setilaiti ya Kenya. Setilaiti na roketi vilikuwa vya Marekani, jukwaa lilikuwa la Waitalia, na chetu kilikuwa bahari, Ikweta na jina. Setilaiti za Kenya yenyewe zilikuja baadaye sana: ile ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2018, na Taifa-1 mwaka 2023. Kisha weka kadi ndogo ya pili pembeni, yenye kichwa "Vilivyokadiriwa", na uorodheshe humo urefu wa mabawa, rangi ya mwili, na mwachano wa vibamba, pamoja na sentensi moja ya jinsi ulivyokadiria. Kadi hiyo ndiyo inayosomwa na walimu wa fizikia, na maswali yao huwa mazuri zaidi wakishaisoma.

Kuisafirisha

Ng'oa mabawa kwa kuyashika kwenye spoki, usiyashike kwenye ubao wake. Kabla ya kung'oa, andika nambari 1 hadi 4 kwa penseli kwenye mzizi wa kila spoki na kando ya tundu lake, pamoja na kistari kimoja kinachovuka kutoka mwilini hadi kwenye spoki, ili pembe irudi ilivyokuwa. Mabawa yafungwe kwa taulo, mwili usimame ndani ya ndoo yenye magazeti yaliyofinyangwa, na ndoo ipakatwe magotini kwenye matatu, isiwekwe buti. Ukifika, panga mabawa kwa kufuata nambari, futa alama za vidole kwa kitambaa kikavu cha pamba, funga kabati, na ufunguo uwe nao mwenyewe mfukoni.